Babu Yako Amezikwa Wapi?

Basi la usiku kutoka Nairobi lilinishusha Malaba saa kumi na moja alfajiri, na kabla hata sijapata begi langu mtu alikuwa ameshaniuliza kama navuka. "Uganda? Pesa ya Uganda iko hapa, boss." Nilimwambia sivuki. Aliniangalia kama mtu aliyelipa kiingilio cha mechi halafu akabaki nje ya uwanja. Malaba ni mji wa kuvuka. Malori ya kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo hulala hapo yakiwa yameshikana mkia na kichwa, madereva wananawa uso kando ya magurudumu, na mama wa chai anajua bei ya mandazi kwa shilingi za nchi mbili bila kushika kalamu. Upande wa pili, kukipambazuka, unaona Jiwe la Tororo limesimama peke yake kwenye tambarare, kama mtu aliyesahauliwa na wenzake stendi.

Mimi nilichukua nduthi nikageuka kaskazini, kwenda Angurai.

Kwenye karatasi za kaunti wanaandika Ang'urai, na ndivyo tunavyotamka, lakini vibao vingi vimechoka na ile alama ya juu vikaiacha. Ni soko, maduka ya mabati, posho mill, makanisa mengi kuliko hoteli, na barabara ambayo mvua huihariri kila msimu. Kaskazini ni Mlima Elgon, ambao asubuhi unaonekana wote na saa nne ukishajifunika hauonekani tena mpaka kesho. Hakuna mtu huweka Angurai kwenye orodha ya mahali pa kwenda wikendi. Mimi nililelewa hapo kila likizo ya Agosti na Desemba, kwa nyanya mzaa baba, na kama ungeniuliza nikiwa na miaka kumi mji mzuri zaidi duniani ni upi, ningekujibu bila kufikiri.

Halafu nilikaa karibu miaka tisa bila kurudi. Sababu ni swali moja.

Mwaka 2016 nilitimiza miaka 18 nikaenda kuomba kitambulisho. Sisi watu wa mpakani, wakati huo, hatukuwa tunajaza fomu tu na kuondoka. Tulikuwa tunapigwa msasa. Unaketishwa mbele ya watu kadhaa, wazee na maafisa, wanakuuliza jina la ukoo, jina la chifu, jina la mlima. Nilijibu yote. Kisha mmoja, kwa sauti ya upole kabisa, akaniuliza, "Na babu yako amezikwa wapi?"

Nilisema ukweli. Babu amezikwa ng'ambo, upande wa Tororo, karibu na baba yake.

Nakumbuka kalamu ilivyosimama. Sitataja ofisi, na yule mzee huenda alikuwa anafanya tu kazi aliyopewa. Kitambulisho kilikuja baada ya miezi kumi na minne. Wakati huo nilikuwa nimeshaingia chuo, na mkopo wa masomo huombi bila namba ya kitambulisho. Baba aliuza ng'ombe wawili kulipa mwaka wa kwanza. Wa pili hakukuwa na ng'ombe. Watu husema niliacha chuo, na mimi mwenyewe nimekuwa nikisema hivyo, kwa sababu ni sentensi fupi.

Mwaka huu binamu yangu mdogo ametimiza 18. Baba yake alifariki, kwa hiyo mimi ndiye mwanamume wa familia mwenye nafasi ya kumsindikiza, yaani mwenye kazi isiyo na bosi. Nikarudi. Na kwa kuwa huwa siendi vitani bila kusoma, wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nasoma historia ya Angurai usiku kucha, nikitafuta jibu ambalo ningepaswa kulitoa mwaka ule.

Siku ya pili nilimchukua binamu tukaenda Kakapel.

Kama unatoka Nairobi na umewahi kusikia jina hilo, hongera, uko peke yako. Kakapel ni mwamba mkubwa katika vilima vya Chelelemuk, umejikunja juu kama paa la kibanda, na chini yake kuna picha. Ni turathi ya kitaifa iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Tulipokuwa wadogo tulipelekwa mara moja, tukaambiwa tusiguse, tukaambiwa ni za watu wa zamani, tukarudi nyumbani tukiongelea soda. Safari hii nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Picha ni za tabaka tatu, moja imechorwa juu ya nyingine. Zile za zamani zaidi ni maumbo tu: duara ndani ya duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu wengi wanazihusisha na wawindaji wa kale, jamaa wa wale tunaowaita Watwa. Halafu wakaja watu wenye mifugo wakachora ng'ombe juu ya zile duara. Halafu wengine tena, na alama zao ambazo hazifanani na za waliotangulia. Hakuna aliyefuta kazi ya mwenzake kabisa. Unaona ng'ombe, na ukikaza macho unaona duara inamchungulia tumboni.

"Kwa hivyo ni graffiti," binamu akasema. Sikumpinga. Mtu aliyekua akiangalia matatu za Nairobi kwenye simu ana haki ya kusema hivyo.

Lakini cha maana zaidi Kakapel kiko chini, kwenye udongo. Kwa miaka kadhaa timu ya watafiti, wakiwemo Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa na Waamerika Natalie Mueller na Steven Goldstein, walichimba chini ya ule mwamba, tabaka kwa tabaka. Waligundua watu wamekuwa wakijikinga hapo kwa takriban miaka 9,000. Jifikirie: piramidi za Misri zilipojengwa, hapa tayari palikuwa na moshi wa miaka elfu nne na zaidi.

Namna walivyofanya kazi ingemfurahisha nyanya. Udongo unatiwa kwenye maji, mchanga unazama, vipande vyepesi vilivyoungua vinaelea, unavichota, unavikausha, unaviangalia kwa darubini. Ni kupeta tu, isipokuwa upepo umebadilishwa na maji. Na walichopeta ni chakula. Kunde iliyoungua, ya miaka 2,300 hivi. Juu zaidi, kwenye tabaka za miaka kama 1,000 iliyopita, wimbi na mtama. Na punje moja ya minji, imeungua lakini haijavunjika, ambayo iliwashangaza wote kwa sababu hakuna aliyetarajia minji katika mashamba ya enzi hiyo. Walichapisha matokeo mwaka 2024 katika jarida la Proceedings of the Royal Society B. Nilisoma makala ile kwenye simu, usiku, bando ikikaribia kuisha, na nilipofika kwenye wimbi nikacheka peke yangu. Maana jioni ile ya kwanza Angurai, nyanya alikuwa ameniwekea sahani ya ugali wa wimbi, ule mweusi unaoshika mkono, na kunde.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililonifanya nipande basi. Mwaka 2020 watafiti wengine, wakishirikiana na baadhi ya hao hao, walitoa matokeo ya vinasaba kutoka mifupa ya watu watatu waliozikwa Kakapel. Wa kwanza aliishi karibu miaka 3,900 iliyopita. Wa pili kama 900. Wa tatu kama 300. Makaburi matatu chini ya mwamba mmoja. Na hawakuwa ukoo mmoja. Yule wa kale nasaba yake ni ya wawindaji. Wale wa baadaye wana mchanganyiko mwingine, wa watu walioingia eneo hili wakiwa na mifugo na mbegu zao, kutoka pande tofauti.

Swali lako, mzee, nikawa namjibu yule mtu kichwani mwangu. Babu amezikwa wapi? Babu wa nani?

Sisi wenyewe Iteso ni wageni hapa, na hatuna sababu ya kuficha. Lugha yetu ni ndugu ya Kikaramojong na Kiturkana, na kwa mbali zaidi ya Kimaasai. Wazee wote wanakubali kwamba tulitoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Hadithi tuliyosimuliwa ni kwamba vijana waliamua kusonga mbele kutafuta malisho, wazee wakakataa. Wazee waliobaki wakaitwa Karamojong, wazee waliochoka. Na vijana wakaambiwa, endeni, huko mnakokwenda mtachimba makaburi yenu. Kaburi kwa Kiteso ni ates. Ndipo wanasema jina letu limetoka hapo. Wasomi wana wasiwasi na hadithi za namna hii, na wako sawa, majina mengi hutungiwa asili yake baadaye. Lakini fikiria kuwa mtu wa kabila linalosimulia kwamba limeitwa kwa jina la kaburi, halafu uulizwe kaburi liko wapi ili uthibitishe wewe ni nani.

Tulishuka kwa hatua, kizazi hiki kikisogea kidogo, kizazi kile kidogo tena, mpaka karne ya 19 Iteso wa kusini walikuwa wameenea kutoka Tororo hadi Amukura na Angurai, wakipigana na kuoana na Wabukusu, Wapadhola, Wakhayo na Wasabaot. Kuoana ndiko kulikodumu. Hakukuwa na mstari popote.

Mstari uliletwa na reli, na hapa naomba msomaji wa Nakuru akae vizuri.

Mnamo tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauunganisha na Himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na walitaka njia yote iwe chini ya utawala mmoja. Ni hivyo tu. Kabla ya siku hiyo Uganda ilianzia karibu na Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Nakuru ilikuwa Uganda. Mtu alilala Nakuru usiku wa Machi 31 akiwa Uganda, akaamka nchi nyingine bila hata kugeuza ubavu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye reli mpya ya SGR ilifika Naivasha mwaka 2019 ikakwama pale pale, na mimi huona kama inaheshimu mpaka wa zamani. (Najua, najua. Ilikuwa pesa.)

Kwa hiyo kama nia ni kutafuta nani ana babu aliyezikwa Uganda, orodha ni ndefu kuliko wanavyofikiri, na haianzii Angurai.

Mpaka mpya ukafuata mito, kwa sababu mito ni rahisi kuichora ukiwa mbali: Sio, Malaba, Lwakhakha, kisha unapanda Elgon. Kwa mtu aliyeketi ofisini mto unatenganisha. Kwa mtu mwenye ng'ombe mto ni mahali mnapokutana kila siku, nyote wa pande mbili, kwa sababu ng'ombe wana kiu. Upande wa magharibi Iteso walitawaliwa kupitia mawakala Waganda, kazi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeiteka nchi hiyo miaka ya kuelekea na baada ya 1900. Upande huu wa mashariki wakaja mawakala wa Wanga, watu wa Nabongo Mumia. Ukoo mmoja, kaka anapewa amri kwa Kiganda, mdogo wake kwa Kiwanga, na wote wawili hawaelewi. Kisha njia ya reli inayopita Eldoret, Malaba na Tororo ikafika Kampala mwaka 1931, na kile kijiji cha mtoni kikaanza kuwa mji wa kuvuka.

Babu alizaliwa ng'ambo ya mto muda mfupi baada ya hapo. Alivuka akiwa kijana kufuata shamba, akaoa Angurai, akapiga kura Kenya tangu kura ilipoanza, akalipa kodi zote mpaka ile ya kichwa. Alipokaribia kufa alisema jambo moja tu: apelekwe kwa baba yake. Ni mwendo ambao mtu mzima anaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Hakuna aliyefikiri kwamba maiti ile ilikuwa inaondoka nchini.

Haimaanishi mpaka ni kichekesho. Ungemsikiliza nyanya ungejua. Siku zote tukiwa watoto alikuwa anatuambia hadithi za magendo kama vile watu wengine wanavyohadithia sungura na fisi, na ni mpaka nilipokua ndipo nikaelewa kuwa zilikuwa habari.

Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda kama moto wa nyasi. Wakati huo Uganda ya Idi Amin ilikuwa na kahawa nyingi, lakini mkulima analipwa kwa pesa isiyonunua chumvi, na akilipwa. Kahawa ikaanza kutembea usiku. Ilipita mtoni, ilipita msituni, juu ya vichwa, juu ya punda, kwenye baiskeli, na soko lake maarufu lilikuwa Chepkube, huku juu kwetu kwenye mguu wa Elgon upande wa Bungoma. Kati ya 1976 na 1977 Chepkube ilijaa matajiri wa ghafla. Hata tamthilia iliandikwa, The Black Gold of Chepkube ya Wasambo Were. Nyanya anasema watu walikuwa hawahesabu noti, wanapima kwa urefu wa mkono. Anasema pia kwamba wapo waliovuka mara ya tatu wakakutana na askari wa Amin, na wake zao walisubiri mlangoni mpaka mahindi yakakomaa. Yeye na babu walibeba magunia mara ngapi? Hapo nyanya huwa anasikia vibaya.

Katikati ya hayo, Februari 1976, Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kihistoria ni ya Uganda. Alikuwa anazungumzia mipaka ile ile ya kabla ya 1902. Kenya ikawaka, maandamano kila mji, wafanyakazi wa bandari Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na Amin akarudi nyuma. Lakini nyanya anakumbuka kitu ambacho hakimo kwenye vitabu nilivyosoma. Anasema tangu wiki ile majirani wasio Iteso walianza kutusalimia tofauti. Sio vibaya. Tofauti tu. Kama mtu anayekuomba chumvi huku akiangalia umeweka nini ndani ya nyumba.

Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Desemba 1987 majeshi ya nchi mbili yakafyatuliana risasi Busia na mpaka ukafungwa, mpaka Moi na Museveni wakakutana pale Malaba kupoza mambo. Nyanya alikuwa na dada aliyeolewa ng'ambo, mgonjwa. Alifika baada ya mazishi.

Mimi nadhani ile kalamu iliyosimama mwaka 2016 ilianza kusimama siku ya Amin.

Ya Busia nitayapitia haraka maana Busia imeandikwa vya kutosha. Ndiyo, neno bodaboda linasemekana lilizaliwa huko, kwa wapiga baiskeli waliobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka wakiita "boda, boda", na watu wa Malaba nao watakuambia lilizaliwa kwao, na usijaribu kuamua mbele za watu. Siku hizi kuna kituo cha pamoja cha kisasa, marais Uhuru na Museveni walikizindua Februari 2018, unasimama mara moja tu. Ni kizuri. Nilikipita nikaona foleni ya malori na watalii wawili. Watu wa nyumbani sikuwaona, kwa sababu watu wa nyumbani hawapiti hapo. Wanapita njia za panya, jina ambalo sijawahi kulipenda. Zilikuwa hapo kabla ya lami. Panya ni nani?

Jioni tuliporudi kutoka Kakapel, nyanya alikuwa na wageni, wazee wanne na mama mmoja, wameizunguka chungu cha ajon. Ni pombe ya wimbi, inatiwa maji moto, na kila mtu anavuta kwa mrija wake mrefu. Kwetu kuna adabu zake: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, haupuliziwi ndani, na hauondoki bila kuaga. Nilisalimia, "Yoga," wakajibu, nikapewa kigoda. Mrija nilipewa pia, baada ya mzee mmoja kuuliza kama Nairobi bado wananifundisha kunywa kutoka chupa kama mtoto wa ng'ombe.

Niliwaambia habari za kunde ya miaka 2,300. Nilikuwa na hamu sana ya kuona nyuso zao.

"Walitoka Amerika," nyanya akasema, "wakachimba mpaka wakapata kunde?"

"Ndiyo, nyanya."

"Si wangekuja tu hapa ningewapa."

Wazee wakacheka mpaka mirija ikatetemeka. Kisha yule mama akauliza swali ambalo sikuwa nalo kwenye maandalizi yangu. Hao waliokuwa na hilo wimbi kabla yetu, walienda wapi? Kulikuwa na kimya kidogo. Mzee mmoja akasema kwamba wazee wake walisema walipofika walikuta watu vilimani, wakawafukuza. Mwingine akasema hapana, walioana nao. Mama akasema, "Nyinyi wanaume mnasema kufukuza. Mbegu ulipata kwa nani, kama ulimfukuza?" Hakuna aliyemjibu, na mrija wake ndio uliosikika kwa muda.

Nimelifikiria sana swali hilo tangu siku ile. Nilikuwa nimekuja na historia kama mtu anayebeba risiti, nithibitishe kwamba tulikuwa hapa kabla ya ofisi. Na tulikuwa. Lakini wimbi lilikuwa hapa kabla yetu, kunde kabla ya wimbi, na yule mtu wa miaka 3,900 kabla ya kunde. Ningeshinda kesi yangu dhidi ya karani halafu nishindwe na mwamba.

Jumatatu tulienda kuomba kitambulisho cha binamu.

Mambo yalikuwa yamebadilika kwenye karatasi. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa ule msasa wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mipakani. Watu wa kaskazini mashariki, ambao waliumia kwa hilo kutuzidi sisi mbali sana, walipiga vigelegele. Kwetu watu walisema, tutaona. Mimi nilivaa shati la kola. Kwenye simu nilikuwa na nukuu zote tayari: 1902, Naivasha, Nakuru, mifupa mitatu. Usiku nilikuwa nimejizoeza mbele ya binamu mpaka akaniomba nimwache alale.

Foleni ilikuwa fupi. Karani alikuwa msichana wa rika langu, kucha za kijani. Alichukua cheti cha kuzaliwa, akachukua nakala ya kitambulisho cha mama yake, akaangalia barua ya chifu. Akamwambia binamu asimame wima, asicheke, akampiga picha. Vidole. Sahihi. Akatoa ile karatasi ya kusubiria.

"Ni hayo tu?" nikauliza.

"Ulitaka nini kingine?"

Binamu alikuwa ameshatoka nje, anaipiga picha ile karatasi awatumie marafiki. Mimi nilikuwa bado nimesimama dirishani na hotuba yangu ya miaka tisa. Dakika kumi na mbili, nilihesabu. Nilitaka kumwambia yule dada jambo, sijui lipi, kwamba mimi nilisubiri miezi kumi na minne, kwamba kuna ng'ombe wawili walioliwa na swali moja. Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikatoka.

Nje binamu akaniangalia usoni. "Umekasirika?"

"Hapana."

"Unakaa umekasirika."

Mchana nyanya alisema kwa kuwa tuko wawili na tuna nguvu, twende tukalime kaburi la babu, majani yamelifunika tangu mvua ya Aprili. Yeye magoti hayamruhusu tena kushuka mtoni. Alitufungia ugali wa wimbi kwenye jani la mgomba, na mbegu za kunde kwenye kikaratasi, za shemeji yake wa ng'ambo ambaye mwaka jana ndiye aliyempa hizo hizo alipokosa.

Tulivua viatu mtoni. Maji yalifika magotini tu. Kwenye ukingo wa pili kulikuwa na mtoto anachunga mbuzi, akatusalimia kwa Kiteso, akatuuliza sisi ni wa nani. Binamu akataja jina la babu. Mtoto akafikiri kidogo, akanyoosha fimbo yake kuelekea muembe.

"Yuko pale," akasema.